Samora alimwona adui wa ndani mapema. Kwa nini hakumshinda?

Tarehe 20 Septemba 1974 serikali ya mpito ya Msumbiji iliapishwa mjini Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Bendera ya Ureno ilikuwa bado inapepea. Joaquim Chissano, akiwa na umri wa miaka 34, alikula kiapo cha uwaziri mkuu. Rais wa chama cha ukombozi cha FRELIMO, Samora Moisés Machel, hakuhudhuria. Alituma ujumbe.

Siku 13 kabla ya hapo Mkataba wa Lusaka ulikuwa umehitimisha vita vya miaka kumi kati ya FRELIMO na Ureno, na wananchi walikuwa na kila haki ya kungoja maneno ya shangwe. Shangwe ilikuwemo. Lakini sehemu kubwa ya ujumbe ule ilikuwa onyo, na walioonywa walikuwa washindi wenyewe. Samora aliwaambia makada wake kwamba dola wanayoipokea ilijengwa kwa kazi ya kukandamiza, na kwamba Mwafrika akikalia kiti cha Mreno bila kubadili kazi ya kiti hicho, mkulima hataona tofauti. Alitaja magonjwa kwa majina: rushwa, starehe, kuwapa kazi ndugu na marafiki, kupendelea watu wa kwao. Alisema wazi kuwa raha zinazoambatana na madaraka zinaweza kumharibu hata mtu imara. Akataka mawaziri waishi kwa kiasi, waamue mambo kwa pamoja, wasikilize watu wa chini, na wasigeuze dhamana waliyopewa kuwa mtaji.

Viongozi wengi wa ukombozi wa Afrika walihubiri dhidi ya rushwa baada ya kuiona imekomaa serikalini mwao. Samora aliiandikia waraka kabla serikali yake haijawa na ofisi. Ndiyo maana historia ya Msumbiji inauma zaidi kuisoma: mambo aliyoyataja mwaka 1974 ndiyo hayohayo yaliyokuja kuikumba nchi yake, moja baada ya jingine, na mengine yakafanywa na watu waliousikia ujumbe ule kwa masikio yao. Aliutambua ugonjwa sawasawa. Dawa aliyoiandika ndiyo iliyokuwa na kasoro, na kasoro hiyo inafaa kuchunguzwa bila chuki na bila kumfanya mtakatifu.

Mtazamo wake kuhusu madaraka haukutoka vitabuni. Alizaliwa Chilembene, mkoa wa Gaza, Septemba 1933, katika familia ya wakulima waliolazimishwa kulima pamba na kulipwa bei ndogo kuliko masetla. Katika miaka ya 1950 ardhi ya wenyeji katika bonde la Limpopo ilichukuliwa wakapewa walowezi kutoka Ureno. Samora alisomea uuguzi na akafanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda, ambako muuguzi mweusi alilipwa chini ya mweupe kwa kazi ileile. Mwaka 1963 alitoroka nchi akaja Dar es Salaam kujiunga na FRELIMO, chama kilichokuwa kimeundwa humo humo jijini tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu. Kimojawapo, MANU, kilikuwa na mizizi miongoni mwa Wamakonde waliokuwa vibarua upande huu wa mto Ruvuma. Alipelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, akarudi kuwa miongoni mwa wasimamizi wa kambi ya Kongwa, mkoani Dodoma. Oktoba 1966 mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, Filipe Samuel Magaia, aliuawa. Samora akashika nafasi yake.

Somo lililomjenga lilitoka mkoani Cabo Delgado.

Vita vilianza huko, Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Kufikia 1967 maeneo makubwa ya mkoa ule hayakuwa tena na Mreno: hakuna mkusanya kodi, hakuna mnunuzi wa pamba, hakuna duka. Wakulima walibeba korosho na ufuta kichwani hadi ng'ambo ya Ruvuma, wakarudi na chumvi, nguo, sabuni na majembe. Biashara hiyo ilisimamiwa na viongozi wa kiraia wa FRELIMO wa mkoa, na kiongozi wao alikuwa Lázaro Nkavandame, mtu aliyekuwa amejenga jina kwa kuanzisha ushirika wa wakulima wakati wa ukoloni. Malalamiko yakaanza kusikika: bei wanayopewa wakulima ni ndogo, bidhaa zinazorudi ni ghali, na wanaonenepa ni wenyeviti. Nkavandame na wenzake nao walidai kuwa vita vya watu wa kaskazini vinaamriwa na watu wa kusini waliokaa Dar es Salaam.

Ugomvi ukakua. Mei 1968 kundi la watu lilivamia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam na mfanyakazi wake mmoja akafa. Julai mwaka huo mkutano mkuu wa pili ulifanyika Matchedje, ndani ya eneo lililokombolewa mkoani Niassa, na Nkavandame hakwenda. Desemba kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma kuingia Cabo Delgado, na FRELIMO ikawatupia lawama wafuasi wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu lilimuua rais wa chama, Eduardo Mondlane, Dar es Salaam. Wiki chache baadaye Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno na kuanza kuwashawishi wapiganaji waweke silaha chini.

Kutokana na hayo Samora alijifunza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la busara, naye alilirudia maisha yake yote: mnyonyaji hana rangi. Ukimwondoa mfanyabiashara wa Kireno ukaacha nafasi yake wazi, atapatikana mweusi wa kuikalia, na atazungumza lugha ya wenyeji vizuri kuliko yeye. Kwa hiyo mapinduzi hayana budi kubadili uhusiano wenyewe wa mkulima na anayemtawala, la sivyo vita vimepiganwa bure.

Somo la pili lilikuwa la hatari. Nkavandame alianza kama mtu mwenye hoja tofauti ndani ya chama na akaishia kambi ya adui. Baada ya hapo Samora na wenzake wakawa wepesi kuona kwamba kila anayetofautiana nao amekwishaanza safari hiyo. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, aligawana uongozi na Samora na Marcelino dos Santos katika baraza la watu watatu. Mwishoni mwa 1969 alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake, akatolewa. Mei 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO. Kwa macho ya washindi, mstari sahihi ulikuwa umemshinda msaliti mwingine. Swali la jinsi chama kinavyoweza kuishi na watu wenye maoni mawili halikujibiwa, kwa sababu halikuulizwa.

Chombo alichokiamini kulilinda somo la kwanza kilikuwa kambi. Nachingwea, katika eneo lililowahi kuwa la mradi wa karanga wa Waingereza, vijana wa Kimakua, Kimakonde, Kishangaan na Kinyanja walilala mabweni mamoja, walilima, walisoma na kupiga kwata pamoja. Wasichana walishika bunduki: kikosi cha wanawake kilianza 1967, na mmoja wa viongozi wake, Josina Muthemba, akaja kuolewa na Samora kabla ya kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Samora alishikilia kwamba ukombozi wa mwanamke ni sharti la mapinduzi kufaulu, wala mwanamume asidhani anatoa sadaka. Nachingwea ilikuwa mahali ambapo maneno hayo yaliweza kuonekana kwa macho. Kamanda alikula walichokula kuruta. Aliyeiba alijulikana. Aliyemdharau mtu kwa kabila lake alisimamishwa mbele ya wenzake akajieleza.

Samora aliipenda Nachingwea kiasi cha kuiona kama maabara ya mtu mpya. Makosa mengi ya baadaye yalianzia hapo. Kambi ina watu wanaojuana, adui mmoja, na kamanda anayeweza kufika kila kona kabla ya jua kuzama. Msumbiji ilikuwa na watu takriban milioni 10 na pwani ndefu inayoanzia mpaka wa Tanzania hadi wa Afrika Kusini.

Mei 24, 1975 alivuka Ruvuma na kuanza safari ya mwezi mmoja kuelekea kusini, akihutubia mikutano njia nzima, hadi uhuru ulipotangazwa tarehe 25 Juni katika uwanja wa Machava. Kilichofuata kilikuwa cha kasi na ujasiri. Tarehe 24 Julai serikali ilitaifisha elimu, afya, ofisi za mawakili na hata huduma za mazishi. Februari 1976 ikataifisha nyumba za kupangisha, na familia zilizokuwa zikiishi katika mitaa ya matete zikahamia kwenye mji wa saruji uliojengwa kwa ajili ya Wareno. Zaidi ya asilimia 90 ya watu walikuwa hawajui kusoma. Madarasa ya watu wazima yakafunguliwa viwandani na vijijini. Kampeni ya chanjo iliyoanza 1976 ilifika sehemu kubwa ya nchi na kusifiwa kimataifa. Yote hayo yalifanyika huku masetla zaidi ya laki mbili wakiondoka, wengi wakiharibu mitambo na magari nyuma yao, na huku Samora akiufunga mpaka na Rhodesia mwezi Machi 1976, hatua iliyoigharimu nchi yake mapato makubwa ya bandari na reli.

Kwa muda mfupi hata swali la nani anamwajibisha nani lilipata jibu la kutia moyo. Katika mitaa na viwanda viliundwa vikundi vya uhamasishaji vilivyoamua migogoro, kusimamia usafi na kuendesha madarasa. Mwaka 1977 ulipofanyika uchaguzi wa mabaraza ya wananchi, wagombea walisimamishwa mbele ya mkutano wa hadhara, maisha yao yakajadiliwa waziwazi, na wengi wakakataliwa: huyu anampiga mkewe, yule ni mlevi, mwingine aliwatumikia polisi wa Kireno. Mkulima alikuwa na nafasi ya kumwambia kada wa chama kwamba hafai, na kada akaondoka.

Lakini nafasi hiyo ilikuwa ya ngazi ya chini tu. Februari mwaka huohuo, mkutano mkuu wa tatu uliigeuza FRELIMO kutoka harakati ya watu wote kuwa chama cha Kimarx na Kilenin chenye wanachama wa kuchaguliwa kwa uangalifu. Matawi ya chama yakachukua nafasi ya vikundi vya uhamasishaji kazini. Wanawake, vijana na wafanyakazi walikuwa na jumuiya zao, kila moja ikiwa chini ya chama. Katiba ya 1975 ilikuwa imekwishasema kwamba FRELIMO ndiyo inayoiongoza dola na kwamba rais wa FRELIMO ndiye Rais wa Jamhuri. Mtu aliyemkataa diwani mlevi wa kijijini hakuwa na mkutano wowote wa kumkataa waziri.

Kwa hiyo ulinzi wa mapinduzi ulibaki kwenye macho ya mtu mmoja, na macho yake yalikuwa makali. Mwanzoni mwa 1980 Samora alianza kile alichokiita shambulio la kisiasa na kiutendaji. Alitokea maghalani, bandarini, uwanja wa ndege, madukani. Alikuta bidhaa zimelundikana huku wananchi wakipanga foleni nje, vifaa vya mamilioni vikiota kutu, na wakubwa wasiojua kilichomo kwenye bohari zao. Alihoji watu papo hapo, akawafukuza baadhi, na Machi akahutubia umati kuhusu adui aliyejikita ndani ya vyombo vya dola. Alikubali kwamba serikali haina sababu ya kuuza vitu vidogo vidogo, na maduka ya wananchi, yaliyokuwa yameshindwa kazi, yakaanza kuachiwa wafanyabiashara. Watanzania wanaokumbuka Novemba 2015, Rais John Magufuli alipotokea Wizara ya Fedha na kisha Hospitali ya Muhimbili bila taarifa, wanajua jinsi ziara kama hizo zinavyochangamsha nchi.

Zinachangamsha, na zinaonyesha pia kwamba njia za kawaida zimekufa. Kama rais analazimika kufungua ghala mwenyewe ili kujua kuna nini ndani, basi mkaguzi hakukagua, baraza halikuuliza, gazeti halikuandika na mfanyakazi aliyeona aliogopa kusema. Samora aliwafukuza mameneja. Nafasi zao zikachukuliwa na mameneja wengine walioteuliwa na wakubwa walewale na kuwajibika kwao, na miezi michache baada ya msafara kupita foleni zilikuwa palepale.

Na macho hayo hayakuweza kuwa kila mahali ambako mamlaka yake yalikuwa yakitumika. Machifu waliondolewa kwa kuwa walikusanya kodi ya Wareno, jambo ambalo ni kweli, lakini hakuna aliyewauliza wanakijiji kama walitaka chifu wao aondoke. Wakulima wasiopungua milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, wengi bila ridhaa, kwa namna ambayo msomaji aliyeishi enzi za operesheni vijiji hapa Tanzania hahitaji kusimuliwa. Wanaojulikana kama wapinzani, makahaba, walevi na Mashahidi wa Yehova walipelekwa kambi za kuelimishwa upya. Simango, Nkavandame na wenzao kadhaa, baada ya kuonyeshwa hadharani Nachingwea mwaka 1975, walifungwa Niassa na hatimaye wakauawa kwa siri bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mke wa Simango, Celina, aliuawa pia.

Wanaomtetea Samora husema asihukumiwe kana kwamba alitawala nchi yenye amani, na hoja yao ina uzito. Renamo, kundi la waasi lililopigana na serikali yake, iliundwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, na baada ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 ikachukuliwa na jeshi la makaburu. Ilichoma zahanati, ikaua walimu, ikakata reli. Hadi amani iliposainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992 inakadiriwa watu milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi. Tanzania yenyewe ilipeleka wanajeshi kusaidia. Hakuna mapinduzi ambayo yangestawi vizuri chini ya mvua hiyo. Hata hivyo makaburu hawakumlazimisha mtu kumuua Simango bila kesi. Na Renamo isingepata maficho vijijini kirahisi kama ilivyopata, hasa mikoa ya kati, kama wanakijiji wasingekuwa wamekwisha kuudhiwa na waliodai kuwatumikia.

Samora mwenyewe aliyaona baadhi ya haya. Alikuwa mtu wa kujifunza, na hapo ndipo anapotofautiana na wababe wa kawaida. Mzimbabwe Robert Mugabe alipopata ushindi mwaka 1980, Samora alimshauri asiwafukuze wazungu wenye ujuzi kama Msumbiji ilivyowapoteza. Novemba 1981 alihutubia taifa akikiri kwamba vyombo vyake vya usalama vinatesa, vinapiga na kuwaweka watu ndani bila sheria, akaahidi kuvisafisha. Mwaka 1982 aliwaita Maputo watu waliokuwa wameshirikiana na utawala wa Kireno, wakiwemo watoa habari wa polisi wa siri, akakaa nao siku kadhaa akiwahoji, akiwakaripia na kuwatania, mwisho wakarudishwa katika jamii badala ya kupelekwa jela. Aprili 1983 mkutano mkuu wa nne ulikubali kwamba fedha nyingi mno zilimwagwa kwenye mashamba makubwa ya serikali na mkulima mdogo akasahauliwa.

Msomaji angedhani mwaka huo ungekuwa mwanzo wa kulegeza. Lakini Machi 1983 adhabu ya viboko, iliyochukiwa kwa sababu ya Wareno, ilirudishwa kwa sheria. Katikati ya mwaka ikaja Operesheni Uzalishaji: polisi na makada walipita mitaani wakikamata wasio na kadi za kazi au za ukazi, na makumi ya maelfu ya watu wakapandishwa ndege na malori kupelekwa Niassa kulima porini. Waziri wa Mambo ya Ndani aliyeisimamia alikuwa Armando Guebuza. Walikamatwa wanawake wajane, wanafunzi, hata wafanyakazi waliosahau kadi nyumbani. Uongozi uliokiri makosa mwezi Aprili ulirudia kosa la aina ileile mwezi Julai, kwa sababu kukiri kulitegemea moyo wa kiongozi siku hiyo na hakukuwa na chombo kilichoweza kusema hapana.

Tarehe 16 Machi 1984 alisaini Mkataba wa Nkomati na P. W. Botha, akakubali kuwabana wapiganaji wa ANC ili Afrika Kusini iache kuisaidia Renamo. Ilikuwa dozi chungu kwa mtu aliyeishi kwa ukombozi wa wengine, na upande wa pili haukutimiza ahadi: nyaraka zilizokamatwa katika makao ya Renamo huko Gorongosa mwaka 1985 zilionyesha misaada ikiendelea. Usiku wa Oktoba 19, 1986 ndege yake aina ya Tupolev, ikitoka mkutanoni Zambia, iligonga kilima huko Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini. Samora na watu wengine zaidi ya 30 walikufa. Tume ya makaburu iliwalaumu marubani wa Kisovieti. Wasovieti walisema ndege ilivutwa na mawimbi ya uongo ya redio. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini nayo haikufika kwenye jibu la mwisho.

Kipimo cha mapinduzi yake kilianza siku iliyofuata. Ndani ya miaka mitano chama kilekile, chini ya viongozi walewale waliokulia kambini, kilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kikaacha Umarx mwaka 1989 na kuandika katiba ya vyama vingi mwaka 1990. Mengi ya hayo yalihitajika. Lakini mali iliyotaifishwa kwa jina la wananchi ilipoanza kuuzwa, wengi walionunua walikuwa karibu na chama, na wananchi hawakuwa na mahali pa kuuliza imeuzwa kwa nani na kwa bei gani.

Guebuza aliyesimamia Operesheni Uzalishaji akawa mfanyabiashara mkubwa, kisha Rais kuanzia 2005 hadi 2015. Katika miaka ya 2013 na 2014, chini ya uongozi wake, kampuni tatu zenye uhusiano na idara za ulinzi na usalama zilikopa karibu dola bilioni 2 za Marekani, kwa maelezo ya kununua boti za kuvua jodari na kulinda pwani. Waziri wa Fedha, Manuel Chang, aliweka sahihi ya dhamana ya serikali bila idhini ya Bunge. Sehemu kubwa ya deni ilifichwa hadi 2016, wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaanguka. Desemba 2022 mahakama ya Maputo ilimhukumu mtoto wa Guebuza, Ndambi, kifungo cha miaka 12. Chang alitiwa hatiani New York mwaka 2024. Guebuza mwenyewe alifika mahakamani Maputo kama shahidi na hakushtakiwa.

Rushwa, ndugu, starehe, madaraka kugeuzwa mtaji: orodha ya 1974 yote imo ndani ya jalada moja la kesi. Na Cabo Delgado, ambako Samora alijifunza kwamba mnyonyaji hana rangi, imo vitani tangu Oktoba 2017, safari hii dhidi ya waasi wanaojiita wapiganaji wa Kiislamu, ambao mwaka 2020 walivuka hadi kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara na kuua Watanzania. Vijana wanaosajiliwa huko wamekua wakiona gesi ya mabilioni ikigunduliwa pwani kwao na ajira zikienda kwa wengine. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 mamia ya Wamsumbiji waliuawa katika maandamano, wengi kwa risasi za polisi.

Hukumu ya haki kwa Samora ni kwamba alielewa madaraka kuliko karibu wote wa kizazi chake, akayaogopa inavyopasa, kisha akayawekea mlinzi mmoja tu, yaani uadilifu wa wanaoyashika. Uadilifu wake binafsi haukutiliwa shaka sana. Ila haukuweza kurithiwa.

Katika sakata la madeni yaliyofichwa, aliyeweza kusema hapana hakuwa kiongozi mwadilifu. Mashirika ya kiraia yanayofuatilia bajeti ya serikali yalikusanya saini za raia 2,000, idadi ambayo katiba ya 2004 inaitaja kuwa inatosha kuliomba Baraza la Katiba lipitie uhalali wa jambo. Juni 2019 Baraza lilitamka kuwa dhamana ya kampuni ya boti za uvuvi ni batili, na mwaka uliofuata likatamka vivyo hivyo kwa zile nyingine mbili. Katiba ya 1975 haikuwa na kifungu kama hicho. Machi 2025 Rais Daniel Chapo na vyama kadhaa walisaini makubaliano ya kujadili mageuzi ya dola. Watakaokaa kwenye meza hiyo wanaweza kuendelea kumtaja Samora katika hotuba, hilo si baya, lakini kazi yao ya kwanza iwe kukipa nguvu kifungu hicho cha saini za raia, ili raia wakisema hapana, deni lisimame kabla halijakopwa.